Kulegeza Kamba Bila Kuiachia

Kila aliyewahi kuongoza watu anaujua ugumu wa kutunga sheria moja kwa ajili ya watu wasiolingana. Ukiikaza mno, wanyonge wataumia. Ukiilegeza mno, wajanja watapita. Historia ya umeme katika jimbo la California, huko Marekani, ni somo zuri juu ya jambo hili, nami naona linafaa kutafakariwa hata na msomaji ambaye hajapata kufika huko.

Umeme wa California hauuzwi na mikono ya aina moja. Sehemu kubwa huuzwa na makampuni ya wenye hisa, ambayo hutafuta faida. Lakini karibu robo huuzwa na mashirika ya umma, zaidi ya 40, ambayo ni mali ya miji na wilaya zenyewe. Yapo makubwa, kama lile la Los Angeles, au la Sacramento ambalo wananchi walilianzisha kwa kura mwaka 1923. Yapo pia madogo sana, yenye wateja wachache milimani. Bei ikipanda katika shirika la namna hii, anayelipa ndiye huyo huyo mwenye mali.

Mwaka 2002 Gavana Gray Davis alitia saini sheria ya kudai kwamba, ifikapo mwaka 2017, asilimia 20 ya umeme itokane na nishati jadidifu, yaani nishati isiyokwisha kama vile jua, upepo na joto la ardhini. Mwaka 2006 tarehe hiyo ilisogezwa mbele hadi 2010. Makampuni yalibanwa sawasawa. Mashirika ya umma, kwa upande wao, yaliambiwa yajiwekee malengo na kujisimamia yenyewe, huku yakizingatia bei, uhakika wa umeme na uwezo wa mifuko yao.

Wahenga walisema, mwamba ngoma huvutia kwake. Wapo waliojitahidi kweli kweli. Hata hivyo, maadamu kila bodi ilijipimia, vipimo vilitofautiana. Baadhi ya mashirika yalihesabu hata umeme wa mabwawa makubwa, ilhali sheria ya jimbo ilikubali, kwa kawaida, mitambo ya maji isiyozidi megawati 30. Mwananchi wa kawaida angewezaje kujua ni nani aliyetimiza wajibu na ni nani aliyejisifu tu?

Basi mwaka 2011 Gavana Jerry Brown akatia saini sheria mpya. Safari hii mashirika ya umma yaliingizwa ndani pamoja na makampuni: asilimia 33 ifikapo mwisho wa 2020, tena kwa hatua za kupimwa njiani. Shirika likikiuka, Tume ya Nishati ya jimbo ilipewa uwezo wa kulipeleka mbele ya bodi inayosimamia usafi wa hewa, na huko hutozwa faini.

Ndani ya sheria hiyo hiyo, hata hivyo, uliwekwa mlango wa nafuu. Bodi ya shirika la umma iliruhusiwa kuweka kikomo cha gharama, ili wateja wasielemewe. Iliruhusiwa pia kuchelewa, kama njia za kusafirisha umeme hazitoshi au vibali vya mitambo vimekawia. Lakini kanuni hizo za nafuu zilipaswa kupitishwa hadharani, na sababu zionyeshwe.

Mji wa San Francisco ulipewa nafuu ya namna yake. Mji huo hupata umeme wa maji kutoka bonde la Hetch Hetchy, lililo ndani ya hifadhi ya Yosemite. Bunge la Marekani liliruhusu bonde hilo lizamishwe kwa sheria ya mwaka 1913, ingawa John Muir, mpenzi mkubwa wa misitu na milima, alipinga kwa nguvu zake zote. Bwawa likakamilika mwaka 1923. Sheria ya 2011 ikasema mji huo utafute nishati jadidifu kwa ajili ya yale mahitaji tu ambayo maji yake hayakuyatosheleza. Nayo wilaya ya Trinity, ambayo umeme wake wote ulitoka katika mabwawa ya serikali kuu kwa haki iliyopewa na sheria ya mwaka 1955, ilihesabiwa kuwa imekwisha kutimiza.

Yupo atakayeuliza: je, huku si kupendelea? Mimi niliyetumia maisha yangu shuleni na katika chuo cha ualimu naliona hivi. Mwanafunzi akija kuomba siku zaidi za kumaliza kazi, mwalimu mwema humuuliza mambo mawili: sababu ni ipi, na utaleta lini? Akiyajibu, kumpa nafasi ni haki. Lakini mwalimu anayewaambia wanafunzi wote wajisahihishie wenyewe madaftari yao ameacha kazi yake. Sheria ya 2002 ilikaribia kuwa hivyo kwa mashirika ya umma. Ile ya 2011 ilirudisha kalamu nyekundu mezani, bila kumnyima nafasi mwenye sababu. Na kumtaka mwananchi wa Trinity anunue umeme wa upepo wakati maji yanamtosha, kungekuwa kumtoza kwa ajili ya hesabu tu, hewa isipate lolote.

Mwaka 2018 jimbo lilipandisha lengo hadi asilimia 60 ifikapo 2030, na kutaka umeme wote unaouzwa kwa wateja uwe safi ifikapo 2045. Katika lengo hili la mwisho hata mabwawa makubwa yamepata nafasi. Kadiri kamba inavyokazwa, maombi ya nafuu hayataisha, wala hayapaswi kupuuzwa. Lililo muhimu ni kwamba nafuu iandikwe, ipimwe, na anayeipewa asiwe ndiye hakimu wake mwenyewe.