Panya Waliotufunza Thamani ya Mafuta

Unapopika chakula cha mtoto, je, hutia mafuta, au wasema mafuta ni ya kunenepesha tu? Sikiliza kisa hiki.

Miaka mia moja hivi iliyopita, wataalamu wengi waliamini kwamba, ukiondoa vitamini, kazi ya mafuta ni kuupa mwili nguvu tu, na kwamba wanga na sukari vingetosha. Mwaka wa 1929, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, George Burr na mkewe Mildred waliwalisha panya chakula kisicho na mafuta kabisa. Vitamini walipewa. Hata hivyo, panya hao waliacha kukua, ngozi ikatoa magamba, figo zikaharibika, na mwishowe wakafa. Wengine walipopewa mafuta kidogo tu, walipata nafuu.

Mwaka wa 1930 wakaeleza sababu: ndani ya mafuta mna asidi ya linoleiki. Mwili hauwezi kuitengeneza. Ni lazima ile.

Je, binadamu naye? Mwaka wa 1963, daktari Arild Hansen na wenzake walieleza habari za watoto wachanga waliolishwa maziwa ya kutengenezwa yaliyokosa asidi hiyo. Ngozi zao zilikauka na kubanduka. Walipoongezewa, zilipona.

Basi mama, mafuta hayafanani. Katika mafuta ya alizeti ya kawaida, asidi hiyo ni zaidi ya nusu. Ya mahindi ni karibu nusu, na ya simsim ni kama sehemu mbili kwa tano. Ya nazi ni kama sehemu mbili tu kwa mia. Soya nayo ina asidi ya pili ambayo mwili hauwezi kuitengeneza, iitwayo alfa-linoleniki.

Mtoto wa chini ya miezi sita mnyonyeshe tu. Maziwa yako yana mafuta anayohitaji. Akianza kula, tia kijiko kidogo cha mafuta ya mbegu katika uji au mboga zake. Usitumie mafuta yaliyokwisha kukaangiwa mara nyingi.

Na ukiona ngozi ya mtoto imekauka au uzito hauongezeki, usikisie. Sababu ni nyingi. Mlete kliniki tumpime.

Hadi kipindi kijacho, kwaheri mama.