Westgate: Redio Ambazo Hazikusikizana

Tukitaja Westgate, huwa tunaongea kuhusu magaidi wanne na watu 67 waliouawa. Leo nataka tuongee kuhusu redio.

Jumamosi hiyo, Septemba 21, 2013, nilikuwa darasa la sita, nimekwama mbele ya TV na hakuna mtu ananifukuza nikalale. Kati ya waliotangulia kuingia kuokoa watu kulikuwa na polisi wachache waliovaa kiraia na raia wenye leseni ya bunduki. Baadaye Recce ya GSU wakafika, halafu KDF. Hapo ndipo mambo yaliharibika. Polisi na wanajeshi hawakuwa na mawasiliano ya pamoja wala kamanda mmoja, na ndani ya jengo afisa wa Recce akauawa kwa risasi ya upande wetu wenyewe. Polisi wakaondolewa. Uvamizi ukaendelea hadi siku ya nne.

Na si ati somo halikuwepo. New York, Septemba 11, 2001, wazima moto 343 walikufa, na baadhi yao hawakuwahi kusikia amri ya kutoka kwenye jengo. Marekani ilichukua hadi 2012 kupitisha sheria ya mtandao mmoja wa taifa kwa polisi, wazima moto na ambulensi, yaani FirstNet. Zaidi ya miaka 10! Kumbe hata wenye pesa huvuta miguu.

Sisi 2014 tukaipa Safaricom kandarasi ya takriban shilingi bilioni 15: mawasiliano mapya, kamera 1,800 Nairobi na Mombasa, kituo cha kuongoza shughuli. Wabunge walibishana weee kuhusu bei. Lakini mfumo huo ni wa polisi. Zima moto ni ya kaunti. Ambulensi ni za Msalaba Mwekundu, St John, kaunti, hospitali za kibinafsi, na kila mtu ana namba yake.

DusitD2, Januari 15, 2019, tulipoteza watu 21, lakini vikosi viliongozwa kwa pamoja na kesho yake asubuhi ilikuwa imeisha. Kwangu mimi, hiyo inaonyesha kununua mitambo ndiyo sehemu rahisi. Kazi ni kukubaliana mapema nani anaongea na nani, kwa chaneli gani, na nani ana neno la mwisho.

Nyumba ilipoungua mtaani kwetu, mimi ndiye nilishika simu mbili, moja ya zima moto na nyingine ya ambulensi, nikiwaelekeza wote kwa geti moja.