Aurora ya Uranusi na madaftari ya mvua ya Nachingwea

Usiku wa Mnero, wilayani Nachingwea, ni mweusi kiasi kwamba nyota huonekana kama zimemwagwa. Hata hapo, sayari ya Uranusi, yenye upana wa takriban mara nne ya Dunia, ni vigumu mno kuiona kwa macho matupu. Aurora zake, yaani mianga inayozuka pale chembe zenye chaji zinapoongozwa na ugasumaku na kugonga angahewa, hazionekani kabisa.

Chombo cha Voyager 2 kilizinasa mwaka 1986 kwa miale ya urujuanimno. Kwa infraredi, ile mionzi ambayo ngozi huihisi kama joto, kazi ilikuwa ngumu zaidi. Chembe za aurora zikigonga hidrojeni huzaliwa ioni yenye atomi tatu, H3+, nayo hung'aa katika infraredi. Lakini ioni hiyo huzalishwa pia na mwanga wa Jua, na mng'ao wake huongezeka joto linapopanda. Kwa hiyo mng'ao pekee si ushahidi. Ilibidi watafiti watenganishe mambo mawili: joto, na wingi wa ioni zenyewe.

Vipimo vilichukuliwa mwaka 2006 kwa darubini ya Keck II, juu ya mlima Mauna Kea huko Hawaii. Jibu lilichapishwa mwaka 2023. Emma Thomas, wakati huo mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Leicester, na wenzake walionyesha kuwa ioni ziliongezeka ilhali joto halikubadilika sana. Hiyo ndiyo aurora. Tazama tarehe hizo, msomaji: vipimo vilikaa miaka 17, vikafunguliwa, vikasomeka.

Nachingwea tunalijua deni la kumbukumbu. Mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 huko Kongwa na kuenea hadi kwetu, uliachwa mwaka 1951 baada ya kuteketeza pauni zipatazo milioni 36. Sababu zilikuwa nyingi. Mojawapo ni kufyeka mapori bila kumbukumbu za kutosha za mvua na udongo. Hata reli ya kutoka Mtwara iling'olewa miaka ya 1960.

Miaka michache iliyopita niliingia ofisi moja ya umma kutafuta madaftari ya zamani ya mvua. Mtumishi, kwa adabu zote, alinifungulia chumba. Mchwa walikuwa wametutangulia.

“Samahani, Daktari,” alisema, “tangu niajiriwe, hakuna aliyewahi kuyaulizia.”