Peggy Ashcroft na Usemi wa Jukwaani, 1907–1935

Edith Margaret Emily Ashcroft, aliyejulikana kwa jina la Peggy, alizaliwa Croydon, kusini mwa London, tarehe 22 Desemba 1907. Baba yake aliuawa katika Vita Kuu ya Kwanza, naye binti angali mtoto. Mama yake alipenda maigizo, na aliwahi kufunzwa usemaji na Elsie Fogerty, mwanzilishi wa chuo cha usemaji na maigizo cha London. Peggy aliingia chuoni humo akiwa na umri wa miaka 16.

Huko alikabiliwa na suala lililomwandama katika kazi yake yote. Mwalimu Fogerty alitilia mkazo uzuri wa sauti: pumzi, matamshi safi, mizani ya ubeti. Mwanafunzi wake, aliyekwisha kusoma maandishi ya Mrusi Stanislavsky, alishikilia kuwa neno lapaswa kuzaliwa na fikra ya mhusika. Sauti tamu isiyo na nia nyuma yake, ingawa hulifurahisha sikio, haimwelezi mtu. Kati ya wanafunzi wenzake alikuwamo Laurence Olivier. Wawili hao waliigiza Portia na Shylock, wahusika wanaojulikana na wasomaji wa Kiswahili kwa tafsiri ya Julius Nyerere, Mabepari wa Venisi, ya mwaka 1969.

Mwaka 1926 alianza kazi Birmingham katika mchezo wa J. M. Barrie, Dear Brutus. Miaka minne baadaye, Mei 1930, alikuwa Desdemona katika Othello kwenye ukumbi wa Savoy, London. Othello alikuwa Paul Robeson, Mmarekani mweusi, ambaye miaka michache baadaye alijifunza fonetiki na Kiswahili mjini humo. Walikuwapo waliomshutumu Ashcroft kwa kubusiwa jukwaani na mtu mweusi. Yafaa kukumbuka kwamba tamthilia yenyewe yahusu ndoa inayochukiwa kwa sababu ya rangi. Basi shutuma hizo zilikuwa mwangwi wa maneno ya Brabantio, baba yake Desdemona. Mwigizaji wa miaka 22 alitambua hapo kuwa maneno ya zaidi ya miaka 300 yangali hai mitaani. Nchini Marekani, Robeson hakumwigiza Othello hadi mwaka 1942, na Broadway hadi 1943.

Baada ya msimu wa 1932–33 katika ukumbi wa Old Vic, ulifika mwaka 1935. Ashcroft alimwigiza Juliet, huku John Gielgud na Olivier wakibadilishana nafasi za Romeo na Mercutio. Gielgud aliuimba ubeti. Olivier aliusema kama mazungumzo ya kila siku, na wahakiki wakabishana. Juliet alilazimika kuwajibu wote wawili kwa maneno yale yale. Mwaka huo huo, katika filamu ya Hitchcock, The 39 Steps, alikuwa mke wa mkulima wa Uskochi: nafasi fupi, yenye maneno machache, inayotegemea macho zaidi kuliko ulimi.

Kwa hiyo mgogoro wa chuoni haukumalizwa kwa upande mmoja kushinda. Mizani ya ubeti huhifadhi maana, nayo maana huipa mizani uhai. Wanaofunza usemaji wa jukwaani kwa Kiswahili, lugha yenye urithi mkubwa wa mizani na vina, wanalo hapa la kuzingatia.