Uganda: Uhamaji wa wavuvi na hesabu ya tiba ya VVU

Kasensero ni mwalo wa wavuvi kando ya Ziwa Viktoria, kusini mwa Uganda, si mbali na mpaka wa Tanzania. Huko ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini humo walikotambuliwa mwaka 1982. Watafiti wa Rakai, wanaozifuatilia jamii za eneo hilo tangu miaka ya 1990, wamekuta katika mialo yake takriban watu wazima 4 kati ya 10 wakiishi na VVU.

Kati ya mwaka 2011 na 2017 huduma ziliongezwa kwa kasi. Miongoni mwa wanaoishi na virusi, waliokuwa wakitumia dawa za kuvifubaza waliongezeka kutoka asilimia 16 hadi 82, na maambukizi mapya yakapungua kwa takriban nusu.

Kazi iliyofanyika ni kubwa kuliko tarakimu hizo zinavyoonyesha, kwa sababu watu wa mwalo hawatulii. Mvuvi humfuata samaki. Wachuuzi na wenye vilabu vya pombe humfuata mvuvi. Tuchukue mfano wa kijiji chenye watu 100 wanaoishi na VVU, 80 kati yao wakiwa kwenye dawa. Katika mwaka mmoja wanahama 20, wakiwamo 16 wanaotumia dawa. Wanaingia 20 wengine, lakini ni 6 tu walio kwenye tiba. Waliotibiwa sasa ni 70. Zahanati italazimika kuwaanzishia dawa watu 10 wapya ili tu irejee pale ilipokuwa, na anayesoma ripoti atadhani wahudumu walilala mwaka mzima.

Mfano huo haukubuniwa hewani. Uchunguzi wa Rakai umeonyesha kwamba wahamiaji wapya huwa nyuma ya wenyeji katika kupata tiba, na kwamba miaka miwili ya kwanza baada ya kuhama ndiyo yenye hatari kubwa zaidi ya kuambukizwa. Mgeni hajui zahanati iko wapi, hana ndugu wa kumsindikiza, na pengine anaogopa hali yake isijulikane kwa majirani ambao bado hajawazoea.

Yuko pia mgonjwa anayehesabiwa visivyo. Aliyeondoka bila kuaga huandikwa kuwa ameacha dawa, hata kama anaendelea nazo kituo kingine. Huko naye huweza kuandikishwa kama mgonjwa mpya.

Kwa wanaovuka mpaka wa Mutukula, dawa zenyewe si kikwazo kikubwa. Uganda na Tanzania zote hutumia kidonge kimoja kwa siku chenye dolutegravir. Kinachokosekana mara nyingi ni kumbukumbu za mgonjwa. Kwa hiyo anayejiandaa kuhama aombe barua ya uhamisho pamoja na nakala ya majibu yake ya mwisho ya kipimo cha wingi wa virusi, na aulize kama anaweza kupewa dawa za miezi mitatu au zaidi. Asiye na barua asikae nyumbani akingoja dawa zimwishie: aende kituo kilicho karibu na kadi yake, au hata kichupa cha dawa alizokuwa akitumia.