Ngoma na Woga wa Mtihani: Historia Inayoanzia Kabla ya Karatasi

Vitabu vingi huieleza tiba ya muziki kama taaluma changa iliyozaliwa Marekani. Mwaka 1944 chuo kimoja cha Michigan kilianza kuifundisha kwa shahada, na mwaka 1950 wataalamu wake wakaunda chama cha taifa, baada ya wanamuziki kuonekana wakiwasaidia hospitalini askari waliorudi vitani. Utafiti wa woga wa mtihani una umri unaokaribiana na huo: mwaka 1952 George Mandler na Seymour Sarason wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha hojaji ya kuupima. Tarehe hizi ni sahihi. Hata hivyo, mtu akizisoma akiwa Rusizi hubaki na swali: kabla ya hapo, mtoto wa huku akiingiwa na hofu alitulizwaje?

Kinyarwanda kinatupa jibu la kwanza. Wimbo wa kumbembeleza mtoto huitwa igihozo, kutokana na kitenzi guhoza, ambacho kwa sauti na kwa maana kinafanana na kupoza kwetu. Anayeimbiwa anapozwa. Ngoma nayo si chombo cha burudani tu. Katika Kinyarwanda, ingoma ni ngoma na pia ni utawala. Katika nchi nyingi za Kibantu, ngoma ni jina la tiba yenyewe, ambayo mgonjwa huchezewa na kuimbiwa na jamii nzima. Na katika itorero, vijana walifundishwa mashairi ya kujisifu, kucheza na nidhamu, kisha wakaonyesha walichojifunza kwa sauti, mbele ya watu. Sisemi kwamba hawakuogopa. Kusimama mbele ya wakubwa na kughani bila kukosea kunatisha vya kutosha. Ila kijana alijaribiwa kwa mwili na sauti yake, akiwa katikati ya wenzake.

Mwaka 1903 Mapadri Weupe walifungua misheni Mibirizi, hapa kwetu Cyangugu, na kama kwingineko, shule ilifuatana na misheni. Muziki haukufukuzwa, maana nyimbo za kanisa ziliimbwa sana, lakini ulipangiwa mahali pake: kanisani, kwenye gwaride, siku ya sikukuu. Kujaribiwa kukawa jambo la kimya, la mtoto mmoja na karatasi moja.

Karatasi peke yake isingeleta woga mkubwa kama mlango wa mbele usingekuwa mwembamba. Chini ya Jamhuri ya Kwanza na ya Pili nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, na baada ya 1973 siasa iliyoitwa iringaniza iliimarisha kuzigawa kwa kuangalia kabila na eneo alikotoka mtoto. Mtoto aliweza kufanya vizuri na bado akaachwa. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaouita woga wa mtihani udhaifu wa mtoto. Kwa wazazi na babu zetu ulikuwa ni kuisoma hali ilivyo. Baada ya 1994 mgawanyo ule ulikomeshwa, Baraza la Mitihani la Taifa likaundwa mwaka 1998, na tangu 2009 elimu ya msingi ya miaka tisa imefungua nafasi nyingi zaidi. Lakini mwaka huohuo Kiingereza kilianza kuchukua nafasi ya Kifaransa kama lugha ya kufundishia, na mtoto wa kijijini anayewaza kwa Kinyarwanda, na pengine kununua sokoni Kamembe kwa Kiswahili, akawa anajibu maswali kwa lugha asiyoisikia nyumbani. Mlango ulipanuka, kizingiti kikapanda.

Muziki kama tiba ulirudi Rwanda kwa njia nyingine kabisa. Mwaka 2004, mjini Butare, Odile Gakire Katese alianzisha Ingoma Nshya, kundi la wanawake wapiga ngoma, kazi iliyokuwa ya wanaume. Walikutana humo wajane, yatima na wake za waliotuhumiwa kwa mauaji ya kimbari. Jeraha lao halilinganishwi na hofu ya mtihani, na ningeona aibu kulilinganisha. Ninachochukua kwao ni namna: hawakukaa kusikiliza, walipiga wenyewe, pamoja.

Tofauti hiyo ni muhimu. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani waliwapa vijana 36 wa chuo Mozart wasikilize, wakapata nafuu ya dakika chache katika majaribio ya aina moja tu. Miaka mitano baadaye gavana wa Georgia alitaka kila mtoto mchanga wa jimbo lake apewe rekodi za muziki huo! Kuwasha redio hakutoshi. Mtoto mwenye woga hupumua juujuu na moyo humwenda mbio. Akiimba polepole analazimika kurefusha pumzi anayoitoa, na pumzi hiyo ndefu hutuliza mapigo ya moyo. Pia wasiwasi hula nafasi ileile ya akili ambayo hesabu inaihitaji. Wimbo anaoujua tangu utotoni, kwa lugha ya nyumbani, huikomboa kwa muda.

Haya hayahitaji fedha. Dakika kumi kabla ya jaribio la kila wiki zinatosha, ili mwili wa mtoto uzoee kuufuatanisha wimbo na karatasi. Kuanza asubuhi ya mtihani wenyewe ni kuchelewa. Lakini nilivyoona mimi, hufanyika kinyume. Mitihani ya taifa ya darasa la sita huwa Julai. Kuanzia Mei mtahiniwa huondolewa kwenye kwaya, huondolewa kwenye kundi la ngoma, huambiwa akasome.