Nyumba Iliyoundwa Katika Karakana ya Manowari

Leo twapenda kuwaeleza habari za nyumba moja ya mji wa New York, nchi ya Marekani, ambayo haikuundwa mahali isimamapo.

Upande wa Brooklyn palikuwa na karakana ya manowari iliyoanzishwa mwaka wa 1801. Humo ndimo ilimoundwa Missouri, ambayo juu ya sitaha yake Wajapani walitia sahihi ya kushindwa, tarehe 2 Septemba 1945. Wakati wa vita hivyo watu wapatao 70,000 walifanya kazi humo. Mwaka wa 1966 serikali ikaifunga.

Si mbali na hapo, karibu na uwanja wa reli, palikuwa na kiwanja kilichobanwa na barabara na ukumbi mkubwa wa michezo. Pasipo na nafasi ya kuweka mchanga na vyuma, fundi atafanyaje? Wenyewe wakaamua kuunda masanduku ya chuma katika karakana ile ya zamani, kila moja kama chumba, limekwisha tiwa mabomba na nyaya za umeme. Kisha lichukuliwe kwa gari na kupandishwa kwa winchi, moja juu ya jingine. Yalitakiwa masanduku 930, ghorofa 32, makao 363. Nusu ya makao ilitengwa kwa watu wasio matajiri. Kazi ilianza Desemba 2012, ikitazamiwa kwisha kabla ya miaka miwili.

Sanduku haliwezi kuwa pana kuliko njia lipitayo. Hilo si geni kwa watu wa pwani, maana upana wa chumba cha nyumba ya mawe ulifuata urefu wa boriti ya mkoko. Lakini fundi wa mawe akikosea nusu inchi hufidia kwa chokaa. Sanduku la chuma halina chokaa. Kosa dogo la chini hupanda pamoja na ghorofa, nalo hukua. Mjenzi akadai michoro ina kasoro. Mwenye mradi akasema kasoro ni ya mjenzi. Agosti 2014 kazi ikasimama, wakashitakiana.

Sisi twaona walianzia juu mno. Kule London, mwaka wa 1999, walioijaribu namna hii katika mtaa wa Hackney walijenga ghorofa 5 tu.

Kazi ikaendelea tena mwaka wa 2015, na nyumba ikafunguliwa mwaka wa 2016. Makao ya wasio matajiri yalikuwa 181, yakagawanywa kwa kura. Walioomba walizidi 80,000.